Fremu yangu ya mianzi imepasuka na safari ndefu imebaki wiki tatu, naombeni ushauri

pedali_ndefu:

Wakuu habari za muda huu. Nina shida na fremu yangu ya mianzi na muda unanibana, kwa hiyo yeyote mwenye uzoefu anisaidie hata kwa maneno mawili matatu.

Hii fremu niliiunda mwenyewe nyumbani miaka miwili iliyopita. Mianzi niliikausha ndani kama miezi mitano, jointi nikazifunga kwa nyuzi za katani zilizolowekwa epoksi (ile gundi ya kuchanganya resini na kigumishi), na vipande vya chuma ni vya aina tatu tu, kile cha mbele uma unapoingia, ile nyumba ya beringi za pedali, na midomo miwili ya nyuma inayoshika ekseli. Vyote alumini. Nimeiendesha karibu kila siku, kwenye lami na kwenye vumbi, na haijawahi kunisumbua.

Sasa juzi niliiegemeza ukutani ikiwa na mzigo kwenye keria, ikateleza, na ile bomba la juu ikagonga ukingo wa ngazi ya zege. Nilisikia mlio wake mpaka tumboni. Nilipoikagua nikakuta ufa unaofuata urefu wa mwanzi, nimepima ni sentimita 14, umeanzia katikati ya pingili unaelekea upande wa siti. Kucha inaingia kidogo. Hakuna nyuzi zilizokatika wala vibanzi vilivyochomoza, ni mstari tu ulionyooka kama umechorwa na rula. Nikiipanda inaendesheka vizuri tu ila nikikanyaga kwa nguvu kwenye kilima nasikia "ka... ka..." kila mzunguko.

Safari yenyewe ni kilomita 800 kwa siku tisa, nabeba mzigo kama kilo 15, na nimeisubiri mwaka mzima. Mpango wangu ulikuwa nimwagie supa glu kwenye ufa halafu nizungushie tepu ya umeme tabaka kadhaa niondoke, lakini jana usiku usingizi ukakata nikifikiria mteremko na hiyo tepu.

Maswali: supa glu inatosha? Nitoboe tundu mwisho wa ufa kuuzuia usiendelee kama wanavyofanya kwenye chuma? Au nikate bomba lote niweke jipya? Nyumbani wanasema niitupe ninunue ya chuma, ila mimi hii fremu naipenda kweli, kila jointi yake naijua.

fundi_jointi:

Pole sana mkuu. Kwanza hiyo supa glu iweke kando kabla hujafungua kifuniko. Ni nyepesi, inakimbilia ndani inaganda ikiwa ngumu na kavu kama kioo, halafu mwanzi unapotikisika inakatika, na baya zaidi imeshaziba vitundu vyote vya mwanzi kwa hiyo hata ukija kuweka epoksi baadaye haipati pa kushika. Nimewahi kukwangua supa glu ya mtu kwenye ufa wa namna hiyo, kazi ya siku nzima.

Pili, mwanzi kupasuka kwa urefu sio mwisho wa dunia. Nyuzi zake zote zimelala upande mmoja, toka chini kwenda juu, ndo maana ukiuvuta kwa urefu una nguvu ajabu ila ukiutanua kwa upana unaachia kama kuni. Ufa unaofuata nyuzi haujakata kitu, umetenganisha tu. Ufa unaokatisha nyuzi, yaani unaouzunguka mwanzi kama pete, au sehemu iliyobonyea ikatoa vibanzi, hapo sikushauri gundi yoyote, bomba hilo linatoka.

Ila usichukulie poa pia. Bomba la duara likiwa zima linakataa kujisokota, likishapasuliwa mstari mmoja tu linapoteza sehemu kubwa sana ya huo ukaidi. Chukua karatasi ukunje iwe bomba bila gundi, jaribu kuisokota, halafu igundishe usokote tena, utanielewa. Kwa hiyo ufa uzibwe kwa gundi inayojaza, halafu ufungwe kuuzunguka.

Sasa hebu nisaidie mambo matatu kabla sijasema zaidi. Moja, ufa unaishia wapi hasa, kabla ya jointi ya siti au unaingia chini ya katani? Mbili, upande wa pili wa hilo bomba kuna ufa mwingine? Kama upo unaoelekeana na huu maana yake una nusu mbili za mwanzi zinazoshikana kwa mazoea. Tatu, na hili ndo linanisumbua, umesema mlio unatoka kila mzunguko wa pedali. Bomba la juu halina habari sana na mzunguko wa pedali. Chukua sarafu ugonge taratibu jointi zote, hasa ile ya chini kwenye nyumba ya beringi, sentimita kwa sentimita, usikilize. Palipo pazima panajibu kwa sauti kali ya juu, "ti ti ti". Palipoachia panajibu "pu", sauti nzito iliyokufa.

msafiri_wa_gia:

Mi nakupa moyo tu mkuu, mwanzi wangu wa chini ulipata ufa mwembamba mwaka wa kwanza kwa sababu ya kukauka, nikauwekea alama ya penseli mwisho wake na sijaufanya chochote zaidi ya kupaka vanishi, miaka minne sasa haujasogea. Nyufa nyingi za mianzi ni za hewa, unatoka kwenye unyevu unaenda kwenye ukavu, nje inasinyaa haraka kuliko ndani, inafunguka. Ila wako ni wa kugongwa, sio wa kukauka, na una mzigo, kwa hiyo utengeneze.

Kuhusu tundu mwisho wa ufa, wapo wanaotoboa tundu la milimita 2 na wanaapa linasaidia. Mi naona ni tabia ya chuma imehamishiwa kwenye mti.

fundi_jointi:

Nakubaliana na msafiri. Kwenye chuma ufa unakimbia kwa sababu ncha yake ni kali, tundu linaipa ncha hiyo uduara. Kwenye mwanzi njia ya ufa imeshachorwa na nyuzi zenyewe, ukitoboa umekata nyuzi chache nzima na ufa bado una njia ileile. Kinachouzuia ni kamba inayouzunguka. Watu wa zamani waliofunga pete za chuma kwenye mapipa ya mbao walijua hilo.

pedali_ndefu:

Asanteni sana wakuu. Nimefanya mlivyosema, nimezima redio nimefunga na dirisha nikae kimya na sarafu.

Bomba la juu: ufa unaishia kama sentimita 3 kabla ya jointi ya siti, kuna kifundo pale na umeishia kwenye kifundo. Upande wa pili hakuna kitu, nimemulika na tochi nimepitisha na pamba kuzunguka bomba lote, haijanasa popote.

Ila jointi ya chini... moyo umeniruka. Upande wa kulia, upande wa cheni, kuna kipande kama upana wa vidole vitatu kinajibu "pu" kabisa. Nilikuwa nakiona siku zote, kuna kidoa cheupe cheupe chini ya vanishi nikadhani ni vumbi liliingia wakati wa kufunga. Nikamwita mdogo wangu akanyage pedali huku breki ya nyuma imeshikwa, mimi nimeweka kidole pale panapokutana katani na alumini. Kuna kitu kinacheza. Ni kidogo sana, jicho halioni, ila kidole kinahisi kabisa, na ndo ule mlio wenyewe.

Yaani siku zote hizi nimehangaika na ufa wa juu kumbe shida iko chini. Sasa nafanyaje? Safari imekufa?

fundi_jointi:

Haijakufa, ila ungeondoka na tepu yako ungeachiwa njiani, na nafurahi umelishika kwa kidole ukiwa nyumbani.

Kidoa cheupe ni epoksi iliyoachana na kitu kilicho chini yake, hewa ikaingia katikati, ndo weupe unaouona. Karibu nina uhakika ilivyotokea: alumini ikishasuguliwa inajifunika yenyewe ngozi nyembamba ya oksaidi muda huohuo, na kadiri inavyokaa ndivyo gundi inavyoshika vibaya. Mtu anasugua asubuhi, anakula, anapiga stori, anafunga katani jioni. Inashika, inaonekana nzuri, halafu baada ya mwaka au miwili unyevu unaingia kidogo kidogo pembeni inabanduka. Sikulaumu mkuu, wengi tumejifunza hivyohivyo.

Kufunga tabaka jipya juu ya lililobanduka hakusaidii, maana utakuwa umeliongezea uzito kitu ambacho chini yake kinacheza. Inabidi ufike kwenye chuma. Ila USIKATE jointi yote kwa mara moja! Hapo ndipo watu wanapoharibu fremu. Jointi ya chini inashika mabomba manne, ukiiachia yote unapoteza pembe zote na hutaweza kuzirudisha bila jigi, yaani kile kifaa cha kushikilia mabomba yasisogee. Fanya nusu nusu. Upande wa kulia kwanza, upande wa kushoto ubaki unashikilia umbo, kulia kukishakauka vizuri ndo unageukia kushoto kama nako kunajibu "pu".

Nitakuandikia hatua zote kwa kirefu, ila nianze na ufa wa juu maana ndo rahisi na utakuzoesha mkono.

Fremu ivue kila kitu, ikae ndani pakavu siku mbili tatu, isiwe juani. Ufa usiutanue kwa bisibisi. Puliza vumbi litoke, tumia mrija wa kunywea au pampu, na usipake mafuta wala usifute na kitu chenye mafuta. Halafu pasha moto ile sehemu na mashine ya kukaushia nywele mpaka mwanzi uwe wa uvuguvugu mkononi. Sababu yake ni hii: hewa iliyomo ndani ya pingili inatanuka inatoka kwenye ufa, ukiweka epoksi wakati huo kisha ukaacha mwanzi upoe, hewa inasinyaa na kuinyonya gundi ndani yenyewe. Ukiona gundi inazama mbele ya macho yako ujue inafanya kazi. Ongeza. Tumia bomba la sindano, na pembeni ya ufa bandika tepu ya karatasi huku na huku usichafue ngozi ya mwanzi. Raundi ya kwanza epoksi tupu iwe nyepesi, raundi ya pili changanya na vumbi laini la msasa wa mbao mpaka iwe nzito kama asali ya baridi, hiyo ndo inajaza. Halafu bana. Chukua tyubu ya zamani, ikate utepe wa upana wa vidole viwili, uvute na uzungushe kuanzia mwisho mmoja mpaka mwingine. Bana ya kutosha, sio mpaka gundi yote itoke, gundi ikiisha katikati hakuna kilichobaki cha kushika. Weka nailoni chini ya mpira ili usigande nao.

Kesho yake toa mpira, sugua. Hapa angalia: nguvu ya mwanzi imejaa ngozi ya nje, nyuzi zimebanana huko kuliko ndani. Kwa hiyo kwangua ule utelezi wa nta tu, mpaka ung'avu uondoke, basi. Nimeona mtu amesugua mpaka amefika kwenye nyama ya njano, amelidhoofisha bomba zuri kwa mkono wake. Lakini usiposugua kabisa epoksi haishiki ile nta, kwa hiyo kote utakapofunga lazima paparuzwe.

Halafu katani. Ikaushe juani kwanza maana inanywa unyevu wa hewa kuliko unavyodhani. Iloweshe epoksi, kamua iliyozidi kwa vidole, zungusha ikiwa imebanana kama uzi kwenye kigurudumu, anza sentimita 5 kabla ya ufa umalize sentimita 5 baada, kwako wewe mwisho wa pili utaingia juu ya jointi ya siti kidogo na ni vizuri. Tabaka mbili za kuzunguka, tabaka moja ya mshazari. Za kuzunguka zinazuia kufunguka, za mshazari zinazuia kusokoteka. Mwisho zungushia tepu ya umeme upande wa gundi ukiwa NJE, vuta kwelikweli, halafu itoboe toboe kwa pini kila mahali. Utaona matone madogo yanatokeza kwenye kila tundu. Hayo matone ni epoksi iliyozidi na viputo, na kila tone linalotoka ni uzito usio na kazi umetoka.

Sasa chini. Kata katani iliyokufa kwa kisu na tupa, mpaka ufike mahali sarafu inajibu "ti". Kingo za sehemu nzima zichonge ziteremke taratibu, zisiwe ukuta, ili tabaka jipya lipande juu ya la zamani bila kona. Chuma ukikifikia, kisafishe kwanza kwa spiriti ukitoe mafuta yote ya cheni, halafu ndo usugue kwa msasa namba 80 mpaka kiwe na mikwaruzo ya kila upande. Ukianza na msasa kabla ya spiriti utakuwa unayazamisha mafuta kwenye mikwaruzo. Na ukimaliza kusugua epoksi iwe tayari pembeni imeshapimwa, futa vumbi, paka SASA HIVI, usiongee na simu. Nilizoea kusugua mara ya pili nikiwa na epoksi yenyewe ikiwa juu ya alumini, yaani msasa unazama kwenye gundi, chuma kinachokwaruzwa hakikutani na hewa kabisa. Tangu nianze hivyo hakuna jointi yangu iliyorudi.

Kama utatumia nyuzi za kaboni badala ya katani usiigusishe na alumini moja kwa moja. Hivyo viwili vikipata unyevu vinakula alumini kama betri. Weka tabaka moja ya faibaglasi katikati. Kwa katani huna wasiwasi huo.

DadaSpoku:

Fundi ameshamaliza mambo ya gundi, mimi niongezee ya muda na ya unyoofu maana hapo ndo naona watu wanateleza.

Epoksi pima kwa mizani, usikadirie kwa jicho. Zipo za mbili kwa moja, zipo za tano kwa moja, na nyingine uwiano wa uzito na wa ujazo havifanani, soma kopo lako. Kuzidisha kigumishi ili ikauke haraka ni kosa kubwa, hakiharakishi, kinaacha gundi laini ambayo haitakomaa milele. Na changanya kidogo kidogo, gramu 50 au 60, kwenye chombo kipana. Ukijaza kikombe kirefu inajipasha moto yenyewe inachemka inatoa moshi inaganda mkononi mwako. Vaa glavu kila mara hata kama ni kazi ya dakika mbili, mzio wa epoksi ukishakushika hauondoki, mi mwenyewe sasa hivi nikikaa karibu na kopo lililo wazi mikono inawasha.

Kesho yake fremu itakuwa ngumu kugusa lakini haijakomaa. Epoksi nyingi za kawaida zinataka siku saba kwenye joto la nyuzi 20 na kitu ndo zifikie nguvu yake. Hesabu yako basi: wiki tatu ulizonazo, toa siku tatu za kukausha, siku mbili za ufa, siku tatu nne za jointi pande zote mbili, siku saba za kukomaa, unabakiwa na siku tano sita za kujaribu. Inatosha ila hakuna siku ya kupoteza. Anza leo.

Kabla ya kufunga tabaka la pili la jointi safisha juu ya la kwanza kisha pitisha msasa tena, maana epoksi nyingine zinatoa utando wa kuteleza kama sabuni juu yake zikikauka. Osha na maji ya kawaida na sponji, kausha, sugua, ndo uongeze. Usiposafisha tabaka la juu litashika utando badala ya tabaka la chini, utapata "pu" nyingine mwakani.

Unyoofu: chukua uzi mrefu, funga kwenye mdomo wa nyuma wa kulia, upeleke mbele uzunguke kile chuma cha uma, urudi mpaka mdomo wa kushoto, uvute ukaze. Halafu pima kwa rula toka uzi mpaka bomba la siti, kulia na kushoto. Zikilingana au zikipishana milimita moja, sawa. Pima KABLA hujakata kitu ukaandike ukutani, kisha pima gundi ikiwa bado mbichi maana hapo ndo unaweza kusukuma. Ikishakauka rula itakuambia ukweli tu, haitakusaidia.

pedali_ndefu:

Dada Spoku ubarikiwe, nimepima uzi usiku huuhuu, kulia milimita 61 kushoto 60. Nimeandika ukutani kweli.

Swali la mwisho, nina nusu kopo la resini ya poliesta ile ya kutengenezea boti, inafaa au ninunue epoksi?

fundi_jointi:

Hapana mkuu. Poliesta inasinyaa ikikauka na haishiki vizuri kwenye vitu vya mti wala kwenye alumini. Iache kwa boti. Na epoksi yenyewe ukimaliza ipake vanishi yenye kinga ya jua, jua linaila epoksi, inageuka njano halafu inakuwa unga unga. Pia fremu usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, epoksi inayokauka bila oveni inaanza kulainika joto likipita nyuzi 50 na kitu.

msafiri_wa_gia:

Na hao wanaosema uitupe waambie baiskeli za mianzi sio jambo la jana. Uingereza walikuwa nazo tangu 1894, na kwenye miaka ya 1990 Craig Calfee wa Marekani, ambaye alishakuwa akiunda fremu za kaboni, ndo akairudisha mianzi ikaonekana kitu cha kuendesha barabarani kweli. Shida haijawahi kuwa mwanzi, shida siku zote iko pale unapokutana na kitu kingine.

Kwa mzigo wako: keria usiibane kwenye mwanzi kwa klempu ya chuma, klempu inabana sehemu nyembamba mwanzi unapasuka kimyakimya chini yake. Weka mpira mpana katikati au ifunge kwa kamba. Na punguza kilo mbili tatu, peleka kingine mbele.

pedali_ndefu:

Wakuu nimerudi na ripoti, siku ya kumi na nane leo.

Ufa wa juu ulikunywa gundi kama mtu mwenye kiu. Nilipasha, nikaweka, nikaona mstari unazama, nikaongeza mara nne mpaka ukaacha. Matone ya pini yalitoka mpaka mdogo wangu akaita watu waje waone.

Jointi ya chini ilikuwa mbaya kuliko tulivyodhani. Nilipokata katani ya kulia, kipande kizima kilitoka kwa mkono, kama ganda la yai lililochemshwa, na ndani yake alumini inang'aa kabisa, hakuna hata alama ya gundi. Nilikaa chini kwanza. Kushoto palikuwa pazima kwa karibu robo tatu, nikarudia kipande kidogo tu. Nilisugua na msasa ndani ya epoksi kama fundi alivyosema. Uzi unasoma 61 na 60 vilevile.

Nikasubiri siku saba, ilikuwa ngumu kuliko kazi yenyewe, kila asubuhi naenda kuigusa. Siku ya nane nikapanda kilomita 10 bila mzigo. Kimya. Juzi nikaweka kilo 12 nikaenda 45 zenye vilima. Kilomita ya 30 nikasikia "ka". Nikasimama, mikono inatetemeka kabisa, nikatoa sarafu mfukoni nikagonga jointi yote pale barabarani, yote inajibu "ti". Nikashika pedali moja moja nikasokota kwa mkono, kumbe ya kushoto niliirudisha bila grisi kwenye meno yake ya kukazia, ikawa inalia. Nimeifungua, nimepaka, nimekaza, nimerudi nyumbani bila mlio.

Nimeweka alama za penseli mwisho wa katani kila upande na tarehe yake. Naondoka Jumamosi.

DadaSpoku:

Hongera sana, umefanya kazi ya mtu mzima. Beba kopo dogo la epoksi ya dakika tano, utepe wa katani kavu kwenye nailoni, utepe wa tyubu, na klempu mbili za hosi. Sio kwa sababu nadhani itapasuka, ni kwa sababu ukiwa navyo utalala. Na sarafu ibaki mfukoni, kila jioni gonga ile jointi kabla hujala.

fundi_jointi:

Jioni ya siku ya kwanza hasa. Kama kuna kitu kitaachia kitaanza hapo, mzigo kamili na joto la mchana. Tupe sauti ukifika.

pedali_ndefu:

Siku ya kwanza, kilomita 92. "Ti" kote. Penseli iko palepale.